Hati ni moja: niiweke rehani nimalize boma la Iyumbu?

Ndugu mshauri,

Pole na majukumu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Dodoma, nina miaka 47. Mume wangu alikuwa dereva wa malori, sasa amestaafu. Tunaishi Nkuhungu, kwenye kiwanja tulichopata 2008, enzi za CDA, mamlaka iliyokuwa ikigawa viwanja hapa Dodoma, watu wakituuliza huko porini tunakwenda kuishi na nani. Mbele ni nyumba yetu, nyuma tumejenga pande 6 za wapangaji: chumba, sebule, choo cha ndani. Kila upande 150,000 kwa mwezi. Zile pande nilizijenga kwa mkopo wa mshahara, na mshahara wenyewe umebaki ile theluthi ambayo hairuhusiwi kuguswa tena.

Serikali ilipohamia huku tukanunua kiwanja cha pili, Iyumbu, upande wa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Tumesimamisha boma la pande 4 hadi kwenye lenta, fedha zikakata. Nondo zinachungulia juu, mbuzi wa jirani wamelifanya zizi. Fundi anataka milioni 52: bati, plasta, vigae, umeme, karo la maji taka, tanki na uzio.

Mwenzangu mmoja ofisini kwa walimu akanifumbua macho. Akasema, mwalimu, umekalia fedha. Nyumba ya Nkuhungu imepanda thamani, iweke rehani, malizia Iyumbu, ukishapunguza deni unathaminisha tena na kukopa ya nyumba ya tatu. Nyumba inazaa nyumba. Nikaenda benki. Mthamini akaja, akagonga kuta kwa kidole, akapiga picha hadi mlango wa choo. Thamani ya soko milioni 140, ya kuuza kwa haraka 100, na benki inaangalia hiyo ya pili. Wamekubali milioni 60 kwa miaka 7, riba asilimia 17 kwa salio linalopungua. Rejesho ni kama 1,226,000 kila mwezi. Ondoa ada ya mkopo, bima, mthamini na usajili wa rehani, inayobaki inamtosha fundi kwa shida.

Sasa hesabu zangu. Pande 6 zinaleta 900,000. Nikitoa kodi ya serikali asilimia 10 zinabaki 810,000. Kwa hiyo miezi yote ya ujenzi nitapungukiwa 416,000 kila mwezi kabla sijapata mpangaji hata mmoja. Iyumbu ikikamilika, pande 4 kwa 250,000, baada ya kodi ya serikali na rejesho nabaki na 484,000. Lakini pande 2 zikikosa watu, zinabaki 34,000, na hapo tanki halijapasuka. Wanafunzi wakifunga chuo Iyumbu inapoa, na hata Nkuhungu mwaka jana upande mmoja ulikaa miezi 3 mtupu, kwa kuwa kila mtu anajenga. Halafu wapangaji wangu wanalipa miezi 6 kwa mkupuo, benki inakata kila mwezi. Najijua: 900,000 ya mpangaji mmoja ikiingia Januari, Machi siioni.

Nikisema nijenge kwa kodi ya wapangaji tu bila mkopo, ni miaka 5 na ushee, bei ya bati na nondo ikinisubiri. Haijawahi kunisubiri.

Kuna njia ya kati ninayoiwaza usiku: nikope 30 tu, nipaue lote, nimalizie pande 2. Rejesho linakuwa kama 613,000, na kodi ya Nkuhungu inalibeba hata Iyumbu ikiwa tupu. Nilipomweleza mzee, mume wangu, akacheka. “Mbuzi ukimfunga kwa kamba fupi au ndefu, si amefungwa?” Hati ni ileile, kwa 30 au kwa 60, na ndani yake kuna kitanda chetu pamoja na wapangaji wote 6. Kaka yake aliuziwa nyumba Kondoa kwenye mnada, kwa hiyo simlaumu. Bila ridhaa ya mwenzi benki haipokei rehani, ndiyo sheria ya ardhi, na mimi sitaki asaini kwa kuchoshwa na maneno yangu.

Naomba ushauri. Je, naweza kuomba benki inipe miezi ya kulipa riba pekee wakati wa ujenzi, na ombi hilo liandikwe kwenye mkataba? Je, ni busara kuiweka rehani Iyumbu yenyewe, ambayo hati yake inashughulikiwa, hata kama itachelewa? Na aliyewahi kukopa kwa nyumba anayolala, alitenga akiba ya miezi mingapi kabla ya kusaini?

Barua ya benki nimeiweka kabatini, chini ya vitenge. Imebakiza siku 11. Mzee yuko Kondoa kwa nduguye, anarudi Jumapili.

Mama wa hati moja,
Nkuhungu, Dodoma