Kwa kaka wa madafu uliyepita Mikocheni

Kaka uliyekuwa unasukuma baiskeli ya madafu mtaani kwetu Jumamosi asubuhi, jina lako sikuuliza, na hilo linanikera mpaka leo.

Ndege chozi alikuwa analea makinda kwenye kile kifuko chake cha majani makavu na utando wa buibui, kimening'inia kwenye mpera nje ya dirisha la jiko. Kunguru wawili wakakivamia, kikabaki kimeshikwa na uzi mmoja. Mimi napiga kelele tu, mwiko mkononi. Wewe uliegesha baiskeli, ukawatimua, ukachomoa kamba ya katani kwenye tenga na kukifunga palepale, mlango ukiangalia upande uleule. "Ukikihamisha, dada, mama yao atakipoteza."

(Kunguru hawa waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wale taka. Wamehamia kwenye viota.)

Hela ulikataa, ukanywa maji tu.

Kabla ya adhuhuri mama alirudi, buibui kwenye ule mdomo wake uliopinda. Jana makinda yote mawili yameruka. Asante sana, kaka. Ukipita tena piga hodi, chai na mihogo vipo.