Ndugu wakija Krismasi naugua, na naogopa kuwaambia

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanaume wa miaka 41, mziwanda katika watoto sita, nakaa Kibosho, Kilimanjaro, kwenye kihamba (shamba la ukoo) cha marehemu baba. Kwa mila zetu Wachaga, nyumba ya baba hubaki kwa mtoto wa mwisho wa kiume, na anayebaki ndiye anayemtunza mama. Sina kinyongo na hilo. Mama ni mtu mzima sana na kumbukumbu zimeanza kumtoka, siku nyingine ananiita kwa jina la mjomba wake. Tumeshazoeana hivyohivyo, yeye, mke wangu na mimi.

Shida yangu ni Desemba. Kila mwaka wanaohurumiwa ni wanaosafiri: mara nauli imepanda, mara mabasi yamejaa pale stendi ya Magufuli, Dar. Anayewapokea hana wa kumuuliza hali. Ndugu zangu wanatoka Dar, Arusha na Mwanza na familia zao, nyumba ya vyumba vinne inalaza watu zaidi ya 20. Mke wangu anaanza kuchemsha ndizi za mbege, pombe yetu ya asili, siku nyingi kabla, huku akiazima magodoro na masufuria kwa majirani. Hela wanatuma, siwasingizii, ila wanatuma ya mbuzi. Ya kuni, sabuni na dada wa kusaidia jikoni haikumbukwi.

Kazi ningeivumilia. Kinachonimaliza ni hali ya mama, na maneno. Mama akiona sura nyingi anachanganyikiwa, usiku anatafuta mlango aende "kwao". Wenzangu wamelala na mbege kichwani, mimi namfuata migombani na tochi. Asubuhi dada yangu ananiuliza mbona mama amekonda. Kaka mkubwa anazunguka kukagua masale, ile mimea ya kuonyesha mpaka, utadhani nimeyahamisha. Halafu kikao cha ukoo, naambiwa nakaa bure kwa sababu silipi kodi ya nyumba. Bure!

Tangu mwaka juzi, ikifika Novemba mwili unaanza wenyewe. Usingizi unakata saa nane za usiku, moyo unakwenda mbio, kifua kinabana, watoto wakicheka nawafokea. Wageni wakishaondoka ndiyo naharibika zaidi. Januari nzima nakaa tu, hata kahawa shambani siitazami. Nilipimwa presha na moyo, vyote vikaonekana vizuri. Daktari akasema ni msongo na wasiwasi, kwamba vinatibika, akanielekeza kitengo cha afya ya akili pale hospitali ya KCMC na kuniambia nipunguze pombe (Desemba Uchagani mtu anapunguzaje pombe, hilo hakunieleza). Sijaenda. Huku ukionekana kwenye kitengo hicho, wenye masihara wanakuuliza basi la Dodoma linaondoka saa ngapi, maana yao Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili.

Mke wangu anasema niwaambie wazi kwamba naumwa, mwaka huu waje kwa zamu. Wakikataa, sisi twende kwao Same wiki ya Krismasi, wabaki na mama wenyewe waone usiku unavyokwenda. Ana hoja. Lakini kaka mkubwa ameshawahi kugusia kwamba hati ya kihamba iandikwe jina lake "kwa usalama". Nikitamka tu kwamba kichwa changu kimechoka, nimempa neno alilokuwa akilitafuta: mgonjwa wa akili hawezi kushika kihamba. Nikiondoka kimya, nitakuwa nimemtelekeza mama, na kosa hilo sidhani kama linafutika hata ukimpelekea mtu jani la sale la kuomba msamaha kimila.

Dada yangu anayenifuata kwa juu ni muuguzi, nadhani angenielewa, ila hajui kutunza siri. Padri wetu wa parokia anamheshimu sana kaka, sijui kama angesimama katikati.

Shangazi, nianzie wapi? Nitibiwe kwanza kimyakimya ndipo nizungumze, au niseme sasa? Na je, naweza kuomba zamu kwa sababu ya mama peke yake, bila kutaja yangu, au nitakuwa namtumia mzee wa watu kama kinga? Kwenye kundi letu la WhatsApp wameshaanza kugawana nani analeta soda na nani mchele. Ningependa kusema kabla hawajakata tiketi.

Mziwanda,
Kibosho