Athman, kadi za kamera usizifute kwanza

Kwako ndugu yangu Athman,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta u mzima, wewe na Mama Sabra na watoto. Huku Majengo sote wazima alhamdulillahi, ila joto la kaskazi ndilo linalotusumbua. Hata usiku feni inapuliza hari tupu. Mzee wako nilimkuta msikitini baada ya alasiri, akaniuliza mbona huonekani hata Ijumaa. Nikamwambia kazi za harusi zimekushika huko Malindi. Mpigie simu, yakhe, anakungoja.

Sasa niingie kwenye lililonifanya niandike, maana kwa simu hushikiki na jambo lenyewe halingojei. Ile zipu ya video za harusi ya Mwanaisha uliyonitumia, video moja imekataa katakata kufunguka. Nilidhani intaneti ya huku ndiyo iliyoikata katikati. Nikaenda kuishusha upya kwa Swaleh, kompyuta nyingine, laini nyingine, ikagoma pale pale, kwa faili ile ile. Zilizofunguka nikaziangalia kwa makini. Kwenye ile ya kupamba, pale kamera inaposogea kwenye mkono wa bibi harusi, hina inaonekana safi mpaka kwenye kucha, mara vijisanduku vya kijani vinatanda juu ya kiganja, kisha vimetoweka. Kamera yako haina tabia hiyo. Ndipo nikakumbuka ulivyoniambia: tangu uipandishe kasi ya RAM, memori ya kompyuta yako, kutoka 6000 hadi 6400, mashine inawaka bila shida.

Sikatai kwamba inawaka. Kompyuta inaweza kuwaka, ikafungua Windows, ikacheza gemu jioni nzima, na huku RAM inakosea biti (ile sifuri au moja ya data) moja hapa na moja pale. Biti hiyo ikiangukia mahali pa programu utapata skrini ya buluu, na angalau utajua kuna tatizo. Ikiangukia ndani ya video unayoinakili, hutaona kitu. Itaandikwa kwenye diski na ubovu wake, nawe utaihesabu nzima. Hilo ndilo linaloninyima usingizi: kadi za kamera za harusi ile umeshazifuta? Kama bado, nakuomba sana, usizifute. Hata kama una kazi nyingine Jumamosi, azima kadi kwa Kombo.

Uliniambia DDR5, aina ya RAM uliyo nayo, inajirekebisha yenyewe. Kweli, lakini nusu yake tu. Ndani ya chipu mna biti 8 za ukaguzi kwa kila biti 128, na hizo hurekebisha biti moja ikiharibika humo humo ndani. Data ikishatoka kwenye chipu, ikapita kwenye madabodi kuelekea kwa prosesa, ulinzi huo haupo tena. Na ukizidisha kasi, njiani humo ndimo makosa mengi yanamotokea. RAM zinazolindwa mpaka njiani ni zile za ECC, zenye biti za ziada za kukagua makosa, wanazoweka kwenye seva. Zako si hizo.

Halafu hebu tazama kile ulichokibadilisha. Kwa prosesa za Ryzen 7000 kama yako, AMD wanaozitengeneza wanasimama kwenye DDR5-5200, yaani kasi ya 5200. Hiyo 6000 ya EXPO, ile kasi iliyopangwa tayari ndani ya RAM, tayari imevuka mpaka, ila ni kasi ambayo prosesa nyingi za aina hiyo huibeba vizuri, kontrola ya memori iliyo ndani ya prosesa ikienda sambamba na RAM. 6400 ni bahati ya prosesa uliyoangukia: yako itakubali, ya jirani itakataa. Watu huilazimisha kwa kupandisha volti za SoC, umeme unaolisha kontrola hiyo. Tafadhali usivuke 1.3. Mwaka 2023 baadhi ya prosesa za X3D ziliungua, ndipo AMD wakaleta kikomo hicho kwenye BIOS, ile mipangilio ya madabodi. Na faida yenyewe iko wapi? 6000 kwa CL30, yaani mapigo 30 ya kungoja data, ni nanosekunde 10. 6400 kwa CL32 ni nanosekunde 10 zile zile. Data nyingi zaidi inapita kwa sekunde, sawa, lakini kwa kazi yako ya kukata video sidhani utaiona tofauti kwa macho.

Linalonitia hofu kuliko hiyo 6400 ni tREFI, muda RAM inaongoja kabla ya kujazwa chaji upya. Yule kijana aliyekwambia uiweke 65535, alikwambia pia kwa nini wengine hawaithubutu? Kila chembe ya memori ni mtungi mdogo unaovuja. Chaji inapungua, na lazima ijazwe tena kabla haijafika mahali pa kusomeka vibaya. Kwa kawaida DDR5 hupewa amri ya kujaza kila maikrosekunde 3.9. Kwa 65535, kwenye kasi ya 6400, inangoja maikrosekunde 20 na ushei. Ni kweli RAM inapata wepesi kwa kuwa haikatizwi kila mara, na ndiyo maana wanaoshindana kwa namba wanaipenda. Lakini joto likipanda, chaji inavuja upesi zaidi.

Sasa wewe uliipima lini? Julai, ungali Nyali, kusi linavuma, madirisha wazi. Ikapita, ukafurahi, nami nikafurahi nawe. Leo ni Februari, uko chini ya bati, na kadi ya video, ile ya michoro ndani ya kompyuta, inapotoa video ya harusi yenye urefu wa saa tatu inaisukumia RAM hewa moto kutoka chini. Namba za BIOS ni zile zile, lakini jibu la Julai halikusaidii kitu leo. Kipimo kikipita kwenye baridi, kimepita kwa baridi hiyo tu.

Kwa hiyo nakuomba hivi. Ingia BIOS leo, zima EXPO kabisa, tREFI irudishe oto (mashine ijipangie yenyewe), iache mashine iende kwa kasi ya chini ya kiwandani. Usifanye kingine kabla ya hapo. Kisha nakili kadi zote upya kwenye diski ya nje, folda mpya, usizichanganye na zile za zamani. Windows nayo ikague kwa amri yake ya sfc, maana faili zake hupitia RAM hiyo hiyo. Ukimaliza, rudisha EXPO ya 6000, tREFI ibaki oto, halafu ndiyo uanze kupima. Weka MemTest86+, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, iende usiku kucha. Kesho yake TestMem5, kipimo kingine, ndani ya Windows. Zote zikipita, ngoja saa nane mchana, chumba kimepamba moto, uipime tena huku kadi ya video inafanya kazi. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini mimi kwa pwani hii. Fungua programu ya HWiNFO pembeni uangalie joto la RAM zenyewe, DDR5 nyingi huonyesha. Ikikaa chini ya nyuzi 50 nitatulia. Kosa likitokea, hata moja, usiseme ni moja tu. Teremsha kasi, upime upya.

Usishtuke skrini ikibaki nyeusi ukibadilisha kasi. DDR5 hujifunza upya njia zake na huchukua dakika kadhaa. Wengi huchomoa umeme hapo wakidhani imekufa. Ile Memory Context Restore ya BIOS, inayohifadhi mafunzo hayo, izime mpaka umalize kupima, isije ikakurudishia mafunzo ya zamani.

Na lile swali lako la kuongeza vipande viwili vya RAM viwe vinne: hapana, ndugu yangu. Kwa vinne AMD wanateremka mpaka kasi ya 3600 kwa prosesa yako. Ukitaka gigabaiti 64, uza hivyo ununue viwili vya 32, uvichomeke nafasi ya pili na ya nne kutoka kwa prosesa. Feni ndogo ya kupuliza RAM nimeiona Mwembe Tayari, bei si mbaya, na nadhani itakufaa kuliko... lakini hilo tutaliongea ukija.

Sitaki useme nakuzuia kufurahia mashine yako. Najua ulivyojinyima ukainunua. Ila watu wamekukabidhi siku yao ambayo hairudiwi, na mama yake Mwanaisha ameniuliza tena video zitakuwa tayari lini. Sikumwambia kitu.

Basi nijibu haya: kadi ziko salama? Mwanaisha umeshampa nakala, au bado? Na zile harusi za Desemba, ulizifungua ukaziangalia mwanzo hadi mwisho, au uliziweka tu kwenye diski? Mashine imewahi kujizima yenyewe tangu uhamie huko? Volti za SoC zinasoma ngapi sasa hivi? UPS yako ingali nzima? Diski ya nje ninayo moja haina kazi, na Kombo anapanda matatu ya Malindi Alhamisi asubuhi. Nimpe akuletee?

Wasalaam,
Ndugu yako Shee