Reli ya Lamu ikija, matengenezo yasikodishwe

Mhariri,

Mpango wa LAPSSET, wa kuunganisha bandari ya Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia kwa njia za usafiri, unataka reli itoke bandari ya Lamu hadi Isiolo, kisha iendelee Sudan Kusini na Ethiopia. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, reli bado. Basi suala la nani ataitunza liamuliwe sasa, kabla mkataba haujatiwa sahihi.

Tunaomba Shirika la Reli liajiri mafundi wake lenyewe. Uingereza matengenezo yalipewa makandarasi. Tarehe 17 Oktoba 2000, huko Hatfield, chuma cha reli kilivunjika vipande zaidi ya 300 chini ya garimoshi na watu 4 wakafa. Nyufa zilionekana mwaka uliotangulia, na reli mpya ililala kando ya njia kwa miezi ikingoja wa kuifunga! Mwaka 2003 Network Rail, shirika linalomiliki njia za reli huko, ikatangaza kuyarudisha matengenezo yote mikononi mwake.

Hatari kubwa haionekani kwa macho. Reli iliyochomelewa mfululizo haina nafasi ya kutanuka. Kilomita moja ikipanda joto kwa nyuzi 30 hutaka kurefuka takriban sentimita 34. Kwa kuwa imebanwa na vibanio, mataruma (mihimili inayolala chini ya reli) na kokoto, nguvu hiyo hubaki ndani ya chuma. Kwa hivyo lazima ijulikane ilifungwa kwenye joto gani. Kila inapokatwa na kuchomelewa upya, kipimo hicho hubadilika na sharti kiandikwe: mahali, tarehe, joto la chuma, urefu uliotolewa na uliotiwa. Chuma kilichotiwa kikizidi kilichotolewa kwa milimita 20 tu kwenye weldi, jua la kaskazi laweza kuipinda njia ubavuni garimoshi likiwa juu yake. Mkandarasi akiondoka na daftari, anayemfuata hana pa kuanzia.

Pwani kuna chumvi inayokula vibanio na nati, na mchanga unaoziba kokoto hadi maji ya masika yasipite. Taruma likikandamizwa hurusha tope na reli hulegea. Haya huonwa na genge linalokagua kipande kilekile mwaka baada ya mwaka, chini ya nyapara anayeijua kila swichi (mahali garimoshi hubadilishiwa njia). Mkandarasi anayelipwa kiasi kisichobadilika hupata faida akipunguza ukaguzi huo.

Kubadilisha reli kwa kilomita nyingi kunaweza kubaki kwa makandarasi, maana mitambo yake ni ghali. Lakini ukaguzi, vipimo vya mawimbi ya sauti vya kutafuta nyufa, stoo ya vipuri na daftari viwe vya Shirika. Vijana wa Mokowe na Hindi, hapa Lamu, waandikwe kazi tangu kokoto zinapomwagwa, si baada ya mjenzi kuondoka.

Mafundi wa njia ya reli,
Mokowe, Lamu