Gesi ya makaa ya mawe si gesi ya mtungi

Mhariri,

Leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe pale Kwasasi, Lamu, ilifutwa Juni 2019, lakini barazani bado kuna hoja moja isiyokwisha: makaa yasichomwe, yageuzwe gesi, watu wapikie. Inawezekana. Ila gesi inayotoka humo ni methani, wala si ile anayobebeshwa punda kwenye vichochoro vya Langoni. Mtungi wa kilo 13 una propani na butani, gesi ambazo hugeuka kimiminika kwa presha ndogo tu. Methani haigeuki kimiminika kwa joto letu hata uikandamize vipi. Ama uitie kwenye chupa nene kwa bar 200, yaani kama mara 200 ya presha ya hewa, ama uipoze hadi nyuzi 162 chini ya sifuri, ama uilaze bomba mpaka jikoni. Na jiko lenyewe sharti libadilishwe tundu la kutolea gesi, maana lile la mtungi ni dogo mno kwa methani na moto hutoka mnyonge.

Kemia yake ni ya zamani. Mwaka 1902 Paul Sabatier na Jean-Baptiste Senderens wa Ufaransa walionyesha kuwa kaboni monoksaidi na haidrojeni zikipita juu ya metali ya nikeli yenye moto hutoa methani na maji. Kazi ngumu ni kuzipata gesi hizo mbili kutoka kwenye makaa zikiwa safi.

Katika tanuru la kawaida la presha ya bar 30 hivi, makaa huingia yakiwa vipande vya milimita 5 hadi 50, huku mvuke na oksijeni vikipulizwa kutoka chini. Hewa ya kawaida haifai, kwa kuwa naitrojeni yake ingebaki ndani ya gesi na kuipunguza nguvu. Chenga zikizidi, gesi hukosa njia na kupita upande mmoja tu. Mvuke ukipungua, jivu huyeyuka, hugandana mabonge, na wavu unaozunguka chini hukwama. Kwa hivyo mvuke hutiwa kupita kiasi, na uliobaki hurudi kama maji machafu yenye lami, amonia na fenoli, kemikali ya sumu.

Halafu salfa itokayo kwenye makaa. Ikizidi sehemu moja katika milioni kumi, huganda kwenye nikeli na kuiua polepole, kwa hiyo gesi huoshwa kwanza kwa methanoli, aina ya alkoholi, iliyopozwa sana. Haidrojeni nayo husawazishwa iwe mara tatu ya kaboni monoksaidi. Hapo tena joto ndilo tatizo: kila asilimia 1 ya kaboni monoksaidi inayogeuka hupandisha joto kwa nyuzi kama 70, ndiyo maana sehemu ya gesi iliyokwisha kupozwa hurudishwa kuchanganywa na mpya. Chini ya nyuzi 200 mambo hugeuka: kaboni monoksaidi huila nikeli na kutoa nikeli kabonili, sumu mbaya kabisa. Mtambo ukizimwa, lazima usafishwe kwa naitrojeni kabla haujapoa.

Hesabu ya karatasini ni hii: kilo 24 za kaboni na kilo 36 za maji hutoa kilo 16 za methani na kilo 44 za kaboni dayoksaidi. Hiyo ni kabla jiko halijawashwa. Methani hiyo ikiungua hutoa kilo 44 nyingine. Kiwandani huwa zaidi, kwa sababu sehemu ya makaa huchomwa kulipasha moto tanuru.

Marekani wanacho kiwanda cha namna hii karibu na Beulah, North Dakota, tangu 1984. Kina matanuru 14 na hula zaidi ya tani 16,000 za ligniti, makaa ya mawe ya daraja la chini, kwa siku. Mwaka 1985 wenye kiwanda walishindwa kulipa mkopo bei ya gesi iliposhuka, serikali ikakichukua. Nao walikuwa na mgodi mlangoni. Makaa yetu ya Mui yako Kitui, mbali na bahari.

Sasa maji ya kutengenezea mvuke. Mji wa Lamu unakunywa kutoka visima vya kwenye vilima vya mchanga vya Shela, na visima hivyo vikivutwa sana huingia chumvi. Maji ya bahari hayaingii kwenye boila, chombo cha kuchemshia mvuke, bila kuondolewa chumvi kwanza, na huo ni mtambo mwingine, umeme mwingine. Atakayekuja tena na mchoro aje pia na karatasi mbili: maji ya boila yatatoka wapi, na yale ya fenoli yatamwagwa wapi, kabla wavuvi hawajauliza.

Fundi mitambo,
Langoni, Lamu