Kwa vijana wanaounda michezo ya zamu usiku: barua ya wazi kutoka Kisumu

Wanangu,

Nawaandikia nyinyi ambao mchana mko kazini, wengine kwenye vibanda vya M-Pesa, wengine darasani, wengine kwenye stendi za boda, na usiku nyumba ikitulia mnafungua laptopu kuendelea na mchezo wenu wa mkakati: ramani ya miraba, pande mbili zinazopeana zamu, mashua au mashamba au majeshi ya kuongoza. Hakuna aliyewatuma na hakuna anayewalipa. Mimi ni mwalimu wa hisabati mstaafu, na kwa kuwa baadhi yenu mlipita darasani kwangu, mnaniletea kazi zenu niziangalie. Nazipenda kazi hizo kuliko mnavyodhani. Ndiyo maana inaniuma nyingi zikiachwa njiani, na karibu zote zinaachwa mahali pamoja.

Zinaachwa kwenye picha. Kijana anaanza na mawimbi yanayosogea, sare za askari, menyu yenye muziki. Miezi inapita. Nikimuuliza mtu anashinda vipi mchezo huu, ananijibu kwamba sehemu hiyo bado. Sasa tazameni wanaocheza drafti kwa vizibo vya soda hapa mjini. Ubao wameuchora kwa kalamu juu ya kipande cha mbao, vizibo vya upande mmoja vimelazwa kifudifudi na vya upande wa pili chali, basi. Watu wanasimama kutazama mpaka chakula cha mchana kinawapita. Na msidhani mchezo ule ni mwepesi. Jonathan Schaeffer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walianza kuushughulikia kwa kompyuta mwaka 1989, na ni mwaka 2007 tu ndipo walipotangaza kwamba drafti ya miraba 64, kwa sheria za Kiingereza, huishia sare iwapo pande zote mbili hazikosei. Idadi ya hali zinazowezekana katika ubao ule ni takriban 5 ikifuatwa na sifuri 20. Yote hayo yanatoka kwenye sheria ambazo mtoto wa darasa la pili anajifunza kwa mchana mmoja.

Basi shauri langu kubwa ni hili: uchezeni mchezo wenu kwa mkono kabla hamjaandika msimbo (code) wowote. Chukua daftari la hesabu lenye miraba, mbegu za mahindi, vizibo, dadu moja. Mtafute mtu wa pili akae mbele yako. Ukiona mnacheza raundi tano na bado anataka ya sita, una mchezo. Akianza kuangalia simu yake, una sheria za kurekebisha, na kuzirekebisha kwenye karatasi ni kazi ya dakika moja.

Niwape mfano wa hapa hapa, maana kuna mmoja wenu anayetaka kuunda mchezo wa ziwa, na nadhani wazo lake lina uhai. Gugumaji liliingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Haling'ang'anii chini, linaelea tu, na upepo unalisukuma kokote unakoelekea. Asubuhi maji ya Dunga, ufuo wetu hapa Kisumu, yako wazi, jioni mashua haipiti. Hiyo tayari ni sheria ya mchezo: kila raundi gugu linasogea mraba mmoja upande wa upepo, na upepo wa raundi ijayo unaonyeshwa kabla mchezaji hajasogeza mashua. Samaki wengi wako mbali. Ukienda mbali unaweza kufungiwa nje usifike ufuoni, ukibaki karibu utalala njaa. Mchezaji ameshaanza kukuna kichwa, na hatujaongeza kitu kingine.

Kisha ongeza mwezi. Omena, dagaa wa ziwani, huvuliwa usiku kwa taa, na usiku wa mbalamwezi taa hazivuti vizuri kama usiku wa giza. Kwa hiyo mchezaji anajua raundi zipi zitakuwa nono na zipi zitakuwa kavu, na anapanga. Lakini kuwa jambo ni la kweli ziwani hakutoshi kuliingiza mchezoni. Uvuvi wa omena hufungwa kuanzia Aprili hadi Julai. Ukiiweka sheria hiyo ilivyo, mchezaji atabonyeza “pita” mara nne na kupiga miayo. Mpe kitu cha kuamua katika miezi hiyo, ashone nyavu, auze mashua moja, akope, au achukue hatari ya kuvua kwa siri. Kama hamna uamuzi ndani yake, sheria hiyo iacheni, hata kama mliifanyia utafiti wa wiki nzima.

Kuhusu ukubwa, nawasihi mridhike na kidogo. Into the Breach, mchezo wa kompyuta uliotoka mwaka 2018 na kusifiwa sana, kila pambano lake linachezwa kwenye miraba 8 kwa 8, na adui anaonyesha atakachofanya kabla hujasogea. Kijana anaponiletea ramani ya 200 kwa 200, hiyo ni miraba 40,000, namuuliza nani atakwenda kutembea humo. Wengi mnaniambia mnataka kitu kama Civilization, ule mchezo mkubwa wa kujenga himaya. Ni haki yenu kuitamani. Kumbukeni tu kwamba Sid Meier alipoitoa mwaka 1991 alikuwa na Bruce Shelley kando yake, kampuni nyuma yake, na miaka ya kutengeneza michezo mingine midogo kuliko huo. Battle for Wesnoth, mchezo wa mkakati wa zamu, iko karibu zaidi na hali yenu. David White aliianzisha mwaka 2003, na kwa kuwa msimbo wake uko wazi, wengine walijiunga naye na bado watu wanajitolea kuiendeleza. Ipakueni msome jinsi sheria zake zilivyo chache: uwezekano wa kupigwa unatokana na ardhi unayosimama, na mchezaji anauona kwa asilimia kabla hajashambulia.

Sasa msimbo. Tenganisheni sheria na picha tangu siku ya kwanza. Pawe na sehemu moja inayojua hali ya mchezo tu: mashua iko mraba gani, gugu liko wapi, ni zamu ya nani. Sehemu hiyo inapokea amri, kwa mfano “mashua ya tatu iende mraba ule”, inasema kama amri ni halali, na inatoa hali mpya. Isijue skrini ni nini. Picha zikae nje na kuonyesha tu. Mtakaoficha sheria ndani ya michoro mtajuta siku mtakapotaka kompyuta icheze, kwa sababu kompyuta inahitaji kujaribu hatua kichwani bila mashua yoyote kusogea kwenye skrini.

Na hapo kwenye kompyuta kuwa mpinzani ndipo nataka mnisikilize polepole, maana wengi mmekwama hapo. Mmesoma kuhusu sataranji. Mwanahisabati Claude Shannon aliandika mwaka 1950 jinsi mashine inavyoweza kutazama hatua zake, majibu ya mpinzani, na majibu ya majibu hayo, na alikadiria hatua halali kama 30 katika kila hali. Mkaichukua njia hiyo mkaiweka kwenye mchezo wenu, laptopu ikapata moto na jibu halikuja. Sababu ni hesabu tu. Katika sataranji unasogeza kete moja kwa zamu. Katika mchezo wenu mtu anasogeza mashua zake zote. Mashua 6, kila moja ikiwa na hatua 10 za kuchagua, zinatoa 10 kwa kipeo cha 6, yaani mipango 1,000,000 kwa zamu moja tu, kabla hujamfikiria mpinzani. Na kama utaratibu wa kuzisogeza ni muhimu, zidisha kwa 720.

Kwa hiyo acheni kutazama mbali. Chukua mashua moja moja. Kwa kila mraba inaoweza kufika, toa alama: samaki waliopo, ukitoa hatari ya kufungiwa na gugu, ukitoa umbali wa kurudi ufuoni. Chagua wenye alama nyingi, isogeze, kisha nenda kwa inayofuata. Cheza nayo. Utaiona ikifanya upumbavu mahali fulani, labda mashua zote zinakimbilia mraba mmoja. Rekebisha hilo tu. Mchezaji wa kawaida hatafuti mpinzani asiyekosea, anataka mpinzani ambaye nia yake inasomeka, ili akimzidi ajue amemzidi kwa akili.

Mkishafika hapo, sheria zilizotengana na picha zitawalipa. Iacheni kompyuta icheze pande zote mbili usiku kucha bila skrini, michezo 1,000. Ikiwa anayeanza ameshinda 700, mchezo umeinama upande mmoja, na mmejua kabla rafiki yenu hajalalamika.

Kuhusu mwendo kwenye ramani, msibuni chenu. Edsger Dijkstra, mwanasayansi wa kompyuta, aliipata mbinu yake ya kutafuta njia fupi kuliko zote mwaka 1956 akiwa amekaa kwenye mkahawa Amsterdam, bila kalamu wala karatasi, akaichapisha mwaka 1959. Kwa mchezo wa zamu inatosha kabisa: barabara inagharimu 1, kinamasi 3, nawe unapata miraba yote ambayo kete inaweza kufika kwa nguvu ilizo nazo. A*, mbinu nyingine ya kutafuta njia, ya mwaka 1968, itawafaa ramani ikiwa kubwa. Na mkitumia miraba, amueni mapema kuhusu kwenda mshazari, kwa sababu hatua ya mshazari ni ndefu mara 1.41 na mchezaji mjanja ataitumia kupata mwendo wa bure. Vyumba vya pembe sita havina shida hiyo.

Zana chagueni mnayoiweza. Pygame, ya kuundia michezo kwa lugha ya Python, inatosha. Godot, programu ya kuundia michezo, ni bure, msimbo wake uko wazi tangu 2014, na haitesi laptopu za mitumba. Msibadilishe zana katikati ya kazi.

Stima. Sote tunajua zinavyopotea, hasa mvua ikianza. Mchezo unapohifadhi hali usiandike juu ya faili la zamani, maana stima zikipotea katikati utabaki na nusu faili na mchezaji atapoteza saa zake. Andika faili jipya kando, likikamilika ndipo ulibadilishe jina lishike nafasi ya la zamani. Hifadhi pia namba iliyoanzisha bahati nasibu pamoja na orodha ya amri zote. Kwa hizo mbili unaweza kurudia mchezo mzima tangu mwanzo, na mtu akikuletea hitilafu unaiona ilipozaliwa. Msimbo wenyewe uwekeni kwenye Git, programu inayotunza kila toleo la kazi yenu, kila usiku. Inafanya kazi bila intaneti. Bando likipatikana, peleka nakala nje ya nyumba.

Limebaki moja, na ndilo mnaloliogopa zaidi. Mnafanya kazi peke yenu, ni sawa, ndiyo raha yake. Lakini mnauficha mchezo mpaka “ukamilike”. Mmoja wenu alikubali hatimaye, tukampelekea mwendesha boda anayesifika kwa drafti. Akapewa simu, akaambiwa cheza. Akasogeza mashua, gugu likamfungia, akauliza, “Hii imeziba vipi?” Kijana akafungua mdomo kueleza. Nikamshika mkono anyamaze. Yule bwana akaigusa mashua, akaigusa tena, akijaribu kuirudisha ilikotoka, kisha akauliza, “Kwani hapa ukigusa umecheza?”

Maswali mawili, na yalimfaa kijana kuliko ushauri wangu wote. Mshale wa upepo ulikuwepo, mdogo, kwenye kona ya juu, na kidole gumba cha mchezaji kilikuwa juu yake. Kuhusu kurudisha hatua, hakuwa ameiwazia kabisa. Tuliamua pale pale: mchezaji anaweza kurudisha hatua mpaka kitu kipya kifichuke. Dadu ikishatupwa, au mraba uliofichika ukishafunguka, harudi nyuma, la sivyo atachungulia na kurudi kila mara. Kaeni hivyo na wachezaji wenu, kimya, na daftari. Andikeni kidole kinaposita, na alichokitarajia mtu kabla hajakatishwa tamaa. Msijitetee.

Wazazi wanaosoma barua hii, nanyi nawaomba kitu. Mkimkuta mtoto wenu usiku anachora miraba, msimwambie anacheza. Kijana aliyekadiria mipango milioni moja na kutafuta njia ya kuipunguza amefanya hisabati ambayo nilitamani kuifikia darasani na kengele ikanikatiza. Hata usipoleta shilingi, mchezo uliokamilika ni kazi iliyokamilika.

Wenye sheria zilizo tayari kuchezwa kwa karatasi, njooni nazo Jumamosi mchana nyumbani, wengi mnapajua. Msilete laptopu mara ya kwanza. Leteni vizibo vya rangi mbili, sheria zilizoandikwa zisizozidi ukurasa mmoja, na mtu wa kucheza naye ambaye hajawahi kuuona mchezo huo. Mkimkosa, nitacheza mimi.

Mwalimu wenu mstaafu,
Kisumu