Bungo halisagwi

Msimu wa mabungo, yale matunda ya pwani, ukifika, malalamiko dukani kwetu ni mawili: juisi yenu ghali, na "nimetengeneza mwenyewe nyumbani ikawa chungu". Wanaolalamika mara nyingi ni walewale.

Juzi mama mmoja karudi dukani amenuna. Alikuwa amenunua mabungo kwetu, akayatia yote kwenye blenda, jagi zima likatoka chungu kama shubiri, akalimwaga pamoja na sukari yake. Anadai tumemuuzia yaliyooza. Mama yangu, bungo halisagwi! Uchungu umo ndani ya mbegu, na nyama ile ya njano imeng'ang'ania mbegu hizohizo. Sisi tunapasua ganda, tunaloweka mbegu kwenye beseni mpaka nyama ilegee, halafu tunafikicha kwa mkono, polepole, mbegu zitoke nzima, ndipo tunachuja. Mara mbili. Tenga moja linakula asubuhi nzima, na makapi yanayobaki kwenye chujio ukiyaona utaacha kuuliza bei.

Tena mabungo yetu hayatoki hapa Moshi. Mbungo ni mmea wa porini unaotambaa juu ya miti huko misitu ya pwani. Mzigo wetu unatoka Muheza kwa basi, unapita Korogwe, Mombo, Same, na yaliyopondeka njiani hasara ni yetu, konda hahusiki.

Wengine wanakwepa bei kwa kununua mabichi. Bungo bichi ukilikata linatoa utomvu mweupe unaonata kwenye kisu, vidole na midomo. Watu wa pwani wanaufanya ulimbo wa kunasia ndege, na enzi za biashara ya mpira wa utomvu wa mimea ya porini, kuna waliouchanganya kwenye mpira wao kuuchakachua. Wewe unataka kuunywa?

Usiyetaka kazi ya kufikicha, fanya wafanyavyo watoto wa pwani: bungo lililoiva, chumvi, pilipili ya unga, mumunya mbegu, tema. Kwetu mabungo hayo yapo ya kikombe, bei ndogo kuliko juisi.

Juisi yetu haina dawa ya kuhifadhia, kwa hiyo iwekwe kwenye friji na inywewe mapema. Kuna kaka aliyeacha chupa ndani ya gari juani kutwa nzima. Ikachacha, kizibo kikaruka, viti vikalowa. Akaja kudai pesa ya juisi na ya kuoshea gari. Ya juisi tulibishana kidogo. Ya gari hatukulipa.